Usinunue tanuri la chuma kwa kuangalia ukali wa moto tu

• Joto lisilo sawa ndilo hupinda pleti, siyo moto mdogo peke yake.
• Wazee wa Ufipa walikuwa na tanuri la kila kazi.
• Pima kazi yako kwanza, ndipo utoe hela.

Ukiwa Wampembe, mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, kifaa kikivunjika ni safari. Inabidi upande milima hadi Namanyere, au uende mpaka Sumbawanga. Ndiyo maana fundi chuma aliye jirani ni mtu wa maana kwa mvuvi na kwa mkulima.

Sasa tuseme wewe ndiye huyo fundi. Umekata pleti ya milimita 6 utengeneze kile kipande cha plau kinachokata udongo. Umeichoma hadi ikawa nyekundu, ukaitumbukiza kwenye maji. Imepinda. Ya pili imepasuka. Ya tatu imetoka salama, lakini imelika ndani ya siku chache shambani.

Wengi hapo husema, “Moto wangu mdogo, nahitaji tanuri kubwa.” Subiri kidogo.

Anza na pleti, siyo tanuri

Chuma hukazwa na kaboni iliyomo ndani yake. Pleti laini za kawaida, zile za kuchomelea mageti na matenki, huwa na kaboni chini ya asilimia 0.3. Hizo hata uzichome kwenye tanuri la mamilioni, ukizizimisha hazikazi vya kutosha kulima.

Springi za gari ni habari nyingine. Zina kaboni karibu asilimia 0.5 hadi 0.6, na ndiyo maana mafundi wanazipenda kwa mapanga na majembe.

Kwa hiyo ile pleti ya tatu iliyolika haraka, huenda kosa halikuwa la moto. Ilikuwa chuma laini tangu mwanzo.

Motoni kunatokea nini?

Kazi ina hatua mbili, na wengi wanaishia ya kwanza.

Ya kwanza ni kukaza. Chuma cha springi kinapashwa hadi nyuzi joto 830 hadi 870 za Selsiasi, kinaachwa joto lipenye hadi katikati, kisha kinapoozwa ghafla. Kwa springi, mafuta ni salama kuliko maji. Maji hupooza haraka mno, na hapo ndipo nyufa huanzia. Mkoani Rukwa alizeti inalimwa, na mafuta yake yanafaa. Ila weka mfuniko wa bati karibu, maana mafuta yanaweza kuwaka.

Ya pili ni kulegeza kidogo. Chuma kilichotoka kukazwa ni kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Kirudishe kwenye joto la chini, karibu nyuzi 300 au zaidi kwa kifaa kinachogonga mawe, ukiache saa moja hivi. Kinapoteza ugumu kidogo, kinapata ustahimilivu.

Na kwa nini pleti inapinda? Kwa sababu ni pana na nyembamba. Upande mmoja ukiwa mwekundu na mwingine bado mweusi, chuma kinatanuka na kusinyaa kwa nyakati tofauti. Lazima kipinde.

Wazee walishaliona hili

Ufipa siyo wageni wa matanuri. Wafipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo yenye urefu wa karibu mita tatu. Baadhi ya mabaki yake bado yapo. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, aliyachunguza wilayani Nkasi miaka ya 1990.

Malungu hayakuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Lakini chuma kilichotoka humo hakikupelekwa moja kwa moja kwa mhunzi. Kilisafishwa kwanza kwenye kintengwe, tanuri dogo linalopulizwa kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe au shoka.

Yaani wazee hawakulazimisha tanuri moja lifanye kila kitu. Chuma cha dukani kilikuja kuiua kazi hiyo, lakini somo lake bado lina faida.

Sasa chagua

*Tanuri la mkaa na feni.* Ni rahisi, na linafika joto la kutosha bila shida. Ubaya wake ni kwamba moto ni mkali katikati na hafifu pembeni. Linafaa panga, patasi na vipande vidogo. Kwa pleti pana, ndilo linalopinda.

*Tanuri la gesi.* Joto linatawanyika vizuri zaidi na unaweza kulipunguza. Swali ni moja: mtungi ukiisha, Wampembe utajaza wapi na kwa siku ngapi?

*Tanuri la umeme lenye kipima joto.* Hili ndilo bora kwa pleti. Linashika joto lilelile pande zote, na hatua zote mbili unafanyia humo. Lakini piga hesabu: tanuri la kilowati 6 likivuta nguvu zote kwa saa mbili linakula uniti 12. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, unaanza upya.

Kabla ya kulipia lolote, uliza mambo manne: pleti yangu ndefu kuliko zote itaingia na kubaki na nafasi kila upande? Lina kipima joto? Vipuri vinapatikana wapi? Nitakuwa na kazi ngapi kwa wiki?

Kama jibu la mwisho ni kazi mbili tatu, usikope. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lina ofisi Sumbawanga. Kaulize ushauri huko kwanza.

Huna hela? Tumia sumaku

Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye waya. Chuma kikifika karibu nyuzi 770, sumaku haikishiki tena. Gusa haraka na uiondoe, maana nayo ikipata moto inakufa. Ikigoma kushika, ongeza joto kidogo, rangi ipande kidogo tu, kisha zimisha. Fanyia kivulini, kwa sababu juani rangi ya moto inadanganya.

Na pleti yenye rangi ya mabati usiichome kabisa. Moshi wa zinki ni sumu.

Jaribu kwanza kwa kipande cha springi chenye ukubwa wa kiganja. Kikipasuka, umepoteza kipande tu. Tanuri lisilofaa likishanunuliwa, hasara yake utaibeba msimu mzima.