USIPOZIBA UFA: KAZI YA MWELEKEZI WA KUJITOLEA

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi nami nakuuliza: Je, ukishapata ile barua ya kukuita chuo kikuu, safari imekwisha? Wengi wetu hapa shuleni tunadhani hivyo. Utamsikia mtu akisema, "Mimi nikipata C+ tu, nimeshavuka!" Hata mimi nilikuwa na mawazo hayo hadi mwaka jana, dada yangu alipoponea chupuchupu. Alikuwa akisomea kazi ambayo hangeruhusiwa kuifanya. Aliyemwokoa si mhadhiri wala si jamaa yetu mwenye cheo kikubwa. Ni mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye kila Jumamosi hujitolea kuwaelekeza wanafunzi wa chuo kikuu juu ya kazi wanazozisomea.

Katika makala haya nitaeleza mwelekezi wa namna hiyo ni nani, hufanya nini, hafanyi nini, na kwa nini anatuhusu hata sisi tulio kidato cha tatu.

MWELEKEZI NI NANI?

Vijana wa chuo humwita "menta". Neno hilo mwanzoni lilikuwa jina la mtu. Katika utenzi wa kale wa Wagiriki uitwao Odyssey, mfalme Odysseus alipokwenda vitani Troy, alimwachia rafiki yake Mentor nyumba yake aiangalie. Baadaye Athena, mungu wao wa kike wa hekima, alijigeuza akafanana na Mentor, akamwongoza Telemachus, mwana wa mfalme, aende kutafuta habari za baba yake. Basi jina la mzee huyo likageuka likawa neno la kumtaja yeyote anayemwongoza kijana.

Sisi nasi tunalo neno la karibu, mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi kwa fundi. Lakini kuna tofauti. Fundi humfundisha mwanagenzi kazi yake yeye fundi. Mwelekezi humsaidia kijana kuijua njia ya kuifikia kazi aliyoichagua kijana mwenyewe. Na akiwa ni wa kujitolea, halipwi hata ndururu.

KWA NINI ANAHITAJIKA?

Mwalimu (hivyo ndivyo mtaa mzima unavyomwita) anasema kwamba zamani haja hii haikuwa kubwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kujitegemea mwaka wa 1970, nacho kilikuwa chuo kikuu cha umma cha pekee nchini hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka wa 1984. Wahitimu walikuwa wachache na kazi ziliwangoja. Yeye mwenyewe alipomaliza chuo alipokea barua ya kumpeleka shuleni kabla vumbi la safari halijamtoka miguuni.

Leo mambo yamebadilika. Vyuo vikuu ni makumi, wahitimu ni maelfu kwa maelfu, na karibu kila kazi ya kitaaluma ina bodi yake na masharti yake. Isitoshe, wengi ni wa kwanza kwao kufika chuo, kama dada yangu. Mama yetu huuza mboga sokoni. Anaweza kumwombea dada, anaweza kumtafutia nauli usiku na mchana, lakini kumwambia bodi fulani inataka nini, hilo hawezi. Atalijulia wapi?

KISA CHA DADA

Katika KCSE dada yangu alipata C+ kwa jumla. Kiswahili alipata B+, Historia B-, na Jiografia C. Alikwenda kusomea ualimu wa sekondari, na alipofika huko akajiandikisha kwa Kiswahili na Jiografia. Kwa nini Jiografia? Kwa sababu rafiki zake wa chumbani waliichukua, na ati ina safari nyingi! Hakuna aliyemzuia.

Likizoni mama alitutuma kwa Mwalimu. Tulimkuta barazani pamoja na vijana watatu wa chuo. Akamwuliza dada anasomea nini. Dada akajibu kwa maringo kidogo. Mwalimu hakumsifu. Alisema tu, "Vizuri, mwanangu. Kaniletee karatasi yako ya matokeo ya KCSE."

Dada akacheka. "Lakini Mwalimu, mimi nimeshaingia chuo. Mambo ya KCSE yamepita."

"Yamepita kwako," akajibu. "Kwa TSC hayajapita. Kailete."

Nikatumwa mbio nyumbani. Mwalimu akavaa miwani, akashuka na kidole hadi kwenye Jiografia, akakiacha hapo. Ndipo akaeleza. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, inapomsajili mwenye shahada awe mwalimu wa sekondari, haitazami shahada peke yake. Hurudi nyuma ikatazama KCSE: awe na C+ ya jumla au zaidi, na pia awe na C+ au zaidi katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Na kwa sheria ya Kenya, hakuna anayeruhusiwa kufundisha shuleni bila kusajiliwa na TSC, iwe ni shule ya serikali au ya kibinafsi.

Lo! Maana yake ni kwamba dada angesoma miaka minne, mama angeuza mboga miaka minne, siku ya mahafali tungekodi matatu tuimbe njia nzima, kisha herufi moja ya Jiografia ingemfungia mlango. Dada alinyamaza kimya. Hakuwa na maringo tena.

Mwalimu hakumfokea. Alimwuliza maswali matatu tu. Ni somo gani lingine ulilopata C+ au zaidi na linafundishwa kitivoni kwenu? Historia. Unaipenda? Ndiyo. Siku ya mwisho ya kubadilisha masomo ni lini? Hapo dada hakuwa na jibu. "Basi chuo kikifunguliwa, nenda siku ya kwanza kwa mkuu wa kitivo ukaulize," akasema. "Uende wewe mwenyewe. Mimi sitakupigia mtu simu."

Dada alikwenda na akakubaliwa kubadilisha. Hata hivyo, hakutoka bure. Zipo kozi mbili za Historia za mwaka wa kwanza alizokuwa amezikosa, na ilimbidi kuzisoma pamoja na wadogo zake waliomfuata. Anasema aliona haya mwanzoni. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ufa aliuziba mapema.

MWELEKEZI HUFANYA NINI?

Tangu siku ile mimi huenda pale barazani Jumamosi nyingine kusaidia kuandaa chai, na masikio yangu siyaachi nyumbani. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, husikiliza. Kijana huja akisema, "Nataka kazi nzuri." Mwalimu humwuliza, "Nzuri kwa nani?" kisha hungoja jibu hata likikawia.

Pili, hukagua njia nzima hadi mwisho wake. Anayesomea uhandisi huambiwa ahakikishe kwamba shahada yake inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na kwamba akihitimu atahitaji miaka isiyopungua 3 ya kazi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Anayesomea sheria hukumbushwa kwamba baada ya shahada kuna mafunzo ya uwakili, yakiwemo miezi 6 chini ya wakili mzoefu. Anayesomea udaktari hujua kwamba kuna mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini akisimamiwa. Mambo haya yote yameandikwa, wala si siri. Shida ni kwamba kijana asiyejua kuwa yapo hawezi kuyatafuta.

Tatu, huzungumza juu ya pesa bila kuficha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Wapo wanaozitumia pesa zake kama zawadi ya mjomba. Mwalimu huwaambia kwamba huo ni mkopo, na kwamba sheria humtaka mkopaji aanze kulipa kabla ya mwaka mmoja kupita tangu amalize masomo.

Nne, huwafanyisha mazoezi ya mahojiano, na kusahihisha tawasifukazi. Naam, ile ile tawasifukazi tunayoandika kwenye karatasi ya Insha tukiwaza alama tu! Kijana mmoja aliandika kwamba anajua kufanya kila kitu. Mwalimu akamwuliza, "Kila kitu ndicho kitu gani? Hata kuzalisha ng'ombe?" Tulicheka, lakini kijana alikwenda akaandika upya mambo manne aliyokuwa ameyafanya kweli.

Tano, asilolijua hulikubali. Mwanafunzi wa takwimu alipokuja, Mwalimu alisema wazi kwamba kazi hiyo haifahamu, akampeleka kwa mtu anayeifanya.

MAMBO ASIYOYAFANYA

Haahidi kazi. Hamchagulii mtu kozi. Hapokei pesa wala zawadi. Mzazi mmoja alimletea jogoo kwa shukrani, akarudishiwa jogoo wake kwa heshima zote. Aidha, hukutana na vijana barazani, mahali pa wazi, na wazazi wanajua. Hivyo mwenzangu, ukimwona mtu anayejiita mwelekezi na anadai "kitu kidogo" ili akutafutie kazi, au anataka mkutane mafichoni, huyo ni tapeli. Jiepushe naye.

YEYE ANAPATA NINI?

Siku moja nilimwuliza. Aliweka kikombe chini. "Nilifundisha zaidi ya miaka 30," akasema. "Kila mwaka nilihesabu waliopita mtihani, lakini sikuuliza walikwenda wapi. Siku moja mmoja wao alikuja kunionyesha shahada yake. Bodi ilikuwa imekataa kumsajili. Hakunilaumu hata kidogo. Lakini kama ningemwuliza swali moja tu miaka minne mapema..." Hakuimaliza sentensi hiyo, nami sikumwuliza tena.

NA SISI JE?

Wenzangu, msiseme chuo kiko mbali. Ufa wa dada yangu haukuanzia chuoni. Ulianzia kidato kama hiki chetu, alipojiambia kwamba Jiografia haina haja. KUCCPS, inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, hutaja kwa kila kozi masomo yanayohitajika na alama zake. Tuyasome masharti hayo sasa, tungali na muda wa kurekebisha mambo, na tutazame pia bodi ya kazi hiyo inataka nini.

Aidha napendekeza kwamba Chama chetu cha Kiswahili kiwaandikie barua waliosoma hapa zamani, walio kazini na walio vyuoni, waje hata mara moja kwa muhula kujibu maswali. Si lazima wawe wakubwa wa nchi. Fundi wa umeme, muuguzi, karani wa benki, wote wana la kutuambia. Nasi tusiwasahau wadogo zetu. Anayetangulia darasa moja tayari ana la kumwonya anayefuata.

Mwisho, nisije nikawa kama kinyozi asiyejinyoa. Mimi nataka kuwa mhandisi, na muhula uliopita nilipata D+ katika Fizikia. Nilimwambia Mwalimu. Aliniuliza swali moja tu: "Umemwendea mwalimu wako wa Fizikia ukamwambia kwamba unataka uhandisi?" Nilitazama chini. Nilikuwa sijamwendea kwa sababu ya haya.

Kwa kuwa jarida hili husomwa pia na walimu, basi nadhani sasa amekwisha kujua. Jumatatu nitabisha mlango wa ofisi yake. Shime wenzangu, nanyi mkabishe yenu!