BETRI YA GUTA LA UMEME: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Guta lako la umeme limeanza kuchoka. Zamani lilitoka Ipagala na magunia ya mboga, likafika Soko Kuu la Job Ndugai kule Nzuguni, likarudi bila shida. Sasa linazima njiani. Umesikia habari za betri za lithiamu, nawe unataka kuuza mbuzi ili ununue. Ngoja kwanza. Je, una hakika kwamba betri zote zimekufa?

Maguta mengi yana betri tano. Kila moja ina volti 12, na zikiunganishwa pamoja hutoa volti 60. Ndani yake mna madini ya risasi na tindikali. Betri moja ikifa, huzivuta nyingine nne, na guta zima huonekana bovu. Kwa hiyo chaji usiku kucha, chomoa chaja, acha betri zipumzike saa chache, kisha mwite fundi mwenye mita. Azipime moja moja, siyo zote kwa pamoja. Betri nzima huonyesha karibu volti 13. Ikiwa nne zinaonyesha 13 na moja inaonyesha 11, mgonjwa ni huyo mmoja. Fundi aangalie pia nyaya. Waya uliolegea huleta joto na kupoteza nguvu, na kuukaza ni kazi ya dakika tano.

Tuseme zote zimezeeka. Hapo ndipo ufikirie lithiamu. Lakini uelewe maneno mawili yaliyoandikwa kwenye betri: volti na ampea-saa.

Fikiria simtanki la maji juu ya mnara. Volti ni urefu wa mnara: mnara ukiwa mrefu, maji hutoka kwa nguvu. Ampea-saa ni ukubwa wa simtanki: likiwa kubwa, maji hudumu. Ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata watt-saa, yaani kazi yote ambayo betri inaweza kufanya. Volti 60 mara ampea-saa 32 ni watt-saa 1,920. Watt-saa 1,000 ni sawa na uniti moja unayonunua kwa LUKU. Basi kujaza betri hiyo ikiwa tupu hutumia uniti mbili na zaidi kidogo, maana umeme mwingine hupotea kama joto.

Sasa tazama tofauti. Betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukitaka idumu, tumia nusu tu kisha chaji. Katika zile watt-saa 1,920 unapata kama 960 za kutembelea. Betri ya lithiamu ya ukubwa ule ule unaweza kuitumia sehemu nne kati ya tano, yaani watt-saa 1,536. Betri tano za risasi za ukubwa huo zina uzito wa kilo 50 hivi. Ya lithiamu ina karibu kilo 20. Hizo kilo 30 zilizopungua ni kama debe moja na nusu la mahindi. Tena, ya risasi huchajiwa mara 300 hadi 500 ikachoka. Lithiamu nzuri huchajiwa zaidi ya mara 2,000. Ndiyo maana bei yake ni kubwa, na kwa mtu anayebeba mzigo kila siku mimi naona inalipa. Kwa anayekwenda sokoni mara moja kwa wiki, betri za risasi zinamtosha.

Lithiamu ziko za aina mbalimbali. Uliza ile yenye madini ya chuma na fosfati, kwa sababu haishiki moto upesi kama nyingine. Seli yake moja ina volti 3.2. Seli 20 zikipangwa hutoa volti 64, nazo hufaa guta la volti 60.

Wako watu wanaoongeza betri ya sita ili guta likimbie. Usikubali! Betri sita zikijaa hufika karibu volti 78, na kontrola iliyotengenezwa kwa volti 60 inaweza kuungua. Kontrola ni lile kasha linalogawa umeme kwenda kwenye mota.

Ndani ya betri ya lithiamu hukaa mlinzi, kibao kidogo ambacho mafundi hukiita BMS. Hukata umeme betri ikijaa mno, ikiisha mno au ikivutwa mno. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mota ya watt 1,500 kwa volti 60 huvuta ampea 25 kwenye tambarare. Ukipanda kilima na magunia, huvuta mara mbili au zaidi. Ukiuziwa BMS ya ampea 30, guta litazima katikati ya kilima ingawa betri imejaa. Soma ampea zilizoandikwa kwenye kontrola. Za BMS zisiwe pungufu ya hizo.

Chaja nayo hubadilishwa. Chaja ya betri za risasi usiichomeke kwenye lithiamu, hata kama tundu linaingia. Ya seli 20 iandikwe volti 73. Guta likitoka kazini mchana wa jua la Dodoma, liache kivulini lipoe kabla ya kuchaji. Usichaji chumbani wanapolala watoto.

Zimebaki zile betri tano za zamani. Kule Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wananchi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aliongoza wenzake kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu ilitenguliwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kwa hiyo usizipasue betri nyumbani, wala usiyeyushe risasi kwenye jiko. Tindikali usiimwage bustanini. Ziweke zimesimama, mbali na kuku na watoto, kisha zirudishe zikiwa nzima kwa muuza betri. Kabla ya kulipia ile mpya, mwulize atakupunguzia kiasi gani kwa hizo tano.