Doa la Kijani

Jumamosi moja asubuhi watoto wanne walikuja barazani kwangu Mtongwe, wamebeba karatasi ya manila iliyoviringishwa na kalamu nene za rangi tatu. Mwalimu wao wa gredi ya sita aliwapa kazi ya kuchora bango kuhusu kukosa usingizi, na Jumatatu lilitakiwa liwe ukutani.

"Shangazi, tuandike LALENI MAPEMA, halafu tuchore kitanda?" akauliza mmoja.

Nikawaambia waandike kichwa kwanza. Kalamu ya kijani alipewa mwenye hati nzuri kuliko wote. Akaanza: U, S, I, N, G, I. Hapo mkono ukasita. Kichwa kikainama taratibu, ncha ya kalamu ikabaki palepale ilipogusa karatasi, na wino ukaanza kutanda. Doa likawa kama punje ya mtama, kisha kama mbaazi, kisha kama sarafu ya shilingi. Mwenzake akamgusa bega. Akashtuka, akaongeza I moja, akadhani amemaliza neno. Pale karatasini pakawa pameandikwa USINGII.

Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Nikamwuliza, "Mwanangu, siku za shule unalala saa ngapi?"

Saa tano usiku, akasema. Anapolala yeye ndipo ilipo televisheni, na kaka zake hawaizimi mpaka mpira uishe. Shule yao iko ng'ambo, kisiwani, kwa hiyo huamka saa kumi na nusu alfajiri awahi feri. Tukahesabu kwa vidole, tukapata muda wa saa 5 na nusu. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Basi binti huyu hupungukiwa saa 3 na nusu kila usiku. Kwa siku tano za shule hizo ni saa 17 na nusu, karibu sawa na mtu aliyekesha usiku mbili nzima. Akanyamaza, kisha akahesabu tena mwenyewe.

Wewe unayesoma, huenda unaujua umati wa abiria wanaosubiri feri Likoni asubuhi. Sasa ufikirie uko kichwani mwako. Ukiwa macho, ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, na kila saa inayopita ni kundi jingine la abiria linaloingia mahali pa kusubiri. Wakijaa, macho huwa mazito. Usingizi ndio feri inayowavusha, hata kukipambazuka pale pawe peupe. Ukilala kidogo, feri huondoka na baadhi yao tu, na waliobaki hukutana na abiria wa leo. Je, chai ya rangi nzito ya usiku? Kafeini iliyomo huufanya ubongo usiwaone wale abiria. Wenyewe wapo, wamesimama.

Ukiwa usingizini ndipo pia ubongo unapopanga uliyojifunza mchana, na ndipo mwili unapotoa homoni ya ukuaji kwa wingi.

Nikawasimulia habari za Randy Gardner, kijana wa miaka 17 wa San Diego, Marekani. Yeye naye alikuwa na kazi ya shule, maonyesho ya sayansi, akaamua ajaribu kukaa macho muda mrefu awezavyo. Kuanzia Desemba 1963 hadi Januari 1964 alikaa macho siku 11. Siku ya mwisho aliambiwa atoe 7 kwenye 100, aendelee kutoa 7 kila mara. Alifika 65 akanyamaza. Alipoulizwa mbona kanyamaza, alikuwa amesahau alichokuwa akifanya. Watoto wakalitazama lile doa la kijani, na safari hii hakuna aliyecheka. Nikawaonya jaribio hilo wasiliige.

Kuna jambo linaloniuma, nami niliwaambia waziwazi. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Mwanafunzi wa bweni zilimpangia hata wakati wa kulala, saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wa kutwa usingizi wake uko mikononi mwa watu wa nyumbani kwao. Si haki kumwambia mtoto alale mapema na godoro lake liko chini ya televisheni.

"Kumbe bango si la kutusema sisi," akasema mdogo wao. "Ni la kina kaka."

Wakaigeuza karatasi. Wakaandika: SAA TATU USIKU ZIMENI TV. Yule binti akahesabu: kutoka saa tatu hadi saa kumi na nusu ni saa 7 na nusu, hazitoshi. Wakafuta, wakarudi saa mbili na nusu. Mkoba upangwe jioni na sare ipigwe pasi jioni, ili aamke saa kumi na moja. Hizo ni saa 8 na nusu. Akirudi shuleni ajilaze nusu saa, zinatimia 9.

Neno USINGII, pamoja na doa lake, walilikata wakalibandika katikati ya bango. Bango la pili wakachora dogo, la nyumbani.

Nawe chukua karatasi. Andika saa unayolala na saa unayoamka, hesabu, kisha uibandike mahali ambapo wakubwa wa nyumba yenu wataisoma kabla ya saa mbili na nusu usiku.