Moyo Uwe Mahali Ulipo Mwili

Tulipokwenda masomoni Uingereza, sisi wachungaji wachache kutoka Afrika Mashariki, tulitazamia Kiyunani na historia ya Kanisa. Hatukutazamia kufundishwa kupumua. Lakini kila Jumatano, kabla ya sala ya jioni, mama mmoja muuguzi alituketisha kimya dakika kumi. Kazi ilikuwa moja tu: kuisikia pumzi ikiingia na kutoka. Mawazo yakitoroka kwenda nyumbani, kwenye karo za watoto na ng'ombe aliyekaribia kuzaa, tuyarudishe taratibu bila kujikaripia. Kwa Kiswahili twaweza kusema ni kuwa na moyo mahali ulipo mwili.

Baadhi yetu tuliuliza: je, hii si ibada ya Kibudha? Swali hilo ni halali. Chimbuko la zoezi hilo liko huko kweli. Mtawa wa Kibudha wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliwafundisha watu hata kuosha vyombo wakijua kwamba wanaosha vyombo. Kisha mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alilipeleka katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, Marekani, likawa mafunzo ya majuma 8 kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, pasipo kudaiwa imani yoyote. Muuguzi wetu alilipata kwa njia hiyo ya hospitali.

Nasi Wakristo tunaye Ndugu Lawrence, aliyefariki Paris mwaka 1691. Huyu alikuwa mpishi wa watawa, akazoea kumkumbuka Mungu kati ya sufuria sawasawa na kanisani. Tofauti ni hapo: yeye hakutafuta utulivu tu, alikuwa na Mtu wa kuzungumza naye. Bwana alituonya juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu.

Tena kimya si dawa ya kila mtu. Mwenye msiba mzito huenda kikamletea picha za kutisha. Huyo asilazimishwe, apate mtu wa kukaa naye, na daktari ikibidi.

Lakini wewe unayekwenda kumwona mgonjwa leo, fahamu kwamba yeye hutambua upesi kama moyo wako umebaki kwenye simu. Simama kidogo mlangoni mwa wodi. Vuta pumzi mara tatu. Mtaje mbele za Mungu kwa jina lake. Kisha ingia, keti, na umwache aanze yeye.