Je, Wajua? Mambo Kumi Kuhusu Kompyuta Mpakato Ndogo za Bei Nafuu

Kompyuta inayoingia kwenye mkoba wa kawaida, ya kuandikia na kuperuzi, tena isiyomaliza mshahara: watengenezaji wameisaka kwa zaidi ya miaka 40. Kila aliyeikaribia alipunguza kitu mahali fulani. Ukijua kilichopunguzwa, umeshajua kama mashine inakufaa.

1. Kompyuta "ya kusafiri nayo" ilikuwa na kilo 11

Osborne 1 ilipotoka Marekani mwaka 1981 kwa dola 1,795, ilinadiwa kuwa kompyuta ya kubeba. Uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi, karibu nusu ya mfuko wa saruji wa kilo 25. Skrini ilikuwa ya inchi 5, na betri haikuja nayo: ukifika uendako, kwanza utafute soketi.

2. Waandishi wa habari walitumia betri za saa ya ukutani

TRS-80 Model 100, iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, ilikula betri nne za AA na kudumu nazo saa 20 hivi. Ilikuwa na kilo 1.4, kibodi ya ukubwa wa kawaida, na skrini ya mistari 8 tu, kila mstari herufi 40. Waandishi wa habari waliipendea modemu iliyokuwa ndani yake. Mtu alimaliza habari yake uwanjani au hotelini, akaiunganisha mashine na simu, na maneno elfu moja yakafika chumba cha habari kwa dakika tatu na ushei. Bill Gates mwenyewe aliandika sehemu ya programu zake. Kuandika hakujawahi kudai mashine yenye nguvu. Kinachodai nguvu ni kuperuzi, kama utakavyoona kwenye namba 7.

3. Kuna kibodi iliyokuwa pana kuliko kompyuta yake

Mwaka 1995 IBM ilitoa ThinkPad 701. Ikifungwa, ilikuwa na upana wa sentimita 25 hivi, ilhali kibodi yake ilikuwa na sentimita 29. Mhandisi John Karidis aliigawa kibodi vipande viwili kwa mkato wa ngazi-ngazi. Ulipoinua kifuniko, vipande viliteleza vikaumana katikati, na ncha za kibodi zikachomoza nje ya mashine kulia na kushoto. Ulipofunga, vilirudi ndani vyenyewe. Watu wakaiita kipepeo. Uzalishaji wake ulikoma mwaka huohuo, kwa sababu skrini zilikuwa zikipanuka na kuacha nafasi ya kibodi nzima bila ufundi wowote. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la MoMA, New York.

4. Dola 100 hazikutosha

Januari 2005, Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza mpango wa kompyuta ya dola 100 kwa watoto wa shule katika nchi maskini. Sampuli iliyooneshwa Tunis mwezi Novemba mwaka huo ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Mashine iliyotoka kiwandani mwaka 2007, kwa jina XO, haikuwa na mkono huo, na gharama yake ilikaribia dola 190. Hata hivyo ilikuwa na jambo ambalo mpakato nyingi za bei kubwa hazina hadi leo: skrini inayosomeka juani. Taa ya nyuma ikizimwa, ilitumia mwanga wa jua wenyewe kuonesha maandishi meusi na meupe. Rwanda pekee iligawa zaidi ya 200,000 shuleni. Kama unanunua mashine ya kuandikia barazani au chini ya mti, itoe nje ya duka uitazame mwangani kabla ya kulipa.

5. Windows iliwahi kukataza kubadili picha ya skrini

Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC 701: skrini ya inchi 7, RAM ya MB 512, hifadhi ya GB 4, uzito chini ya kilo moja, na Linux badala ya Windows. Prosesa yake ya megahezi 900 ilipunguzwa makusudi hadi 630. Ikavuma, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyohiyo. Microsoft ilikuwa ikijiandaa kuiaga Windows XP, lakini Vista, iliyoirithi, ilikuwa nzito mno kwa mashine hizi, hivyo XP ikaongezewa muda kwa ajili ya mashine hizo. Mwaka 2009 ikaja Windows 7 Starter, ambayo haikumruhusu mtumiaji kubadili hata picha ya nyuma ya skrini. Mpango wa awali ulikuwa mkali zaidi: usifungue zaidi ya programu tatu kwa wakati mmoja. Sharti hilo liliondolewa kabla mfumo haujatoka. Siku hizi mpakato nyingi za bei ya chini huja na Windows katika hali ya S, inayokubali programu za duka la Microsoft pekee. Kuitoa katika hali hiyo ni bure, ila ukishaitoa hairudi.

6. Inchi mbili na nusu ni theluthi ya skrini

Skrini hupimwa kutoka pembe hadi pembe, na hapo ndipo macho hudanganyika. Kutoka inchi 14 hadi 11.6 tofauti ni inchi 2.4 tu, lakini eneo limepungua kwa karibu theluthi. Skrini ya inchi 10.1 ina chini ya nusu ya eneo la ile ya 15.6. Anayeandika huumia zaidi kwenye kimo: skrini ya kawaida ya inchi 11.6, ile pana ya 16:9, ina sentimita 14 na nusu hivi kutoka juu hadi chini, pungufu ya nusu ya karatasi ya A4. Ukiondoa menyu za juu na upau wa chini, unabaki na aya moja au mbili. Ukikuta yenye uwiano wa 3:2 kwa bei ileile, utapata mistari mingi zaidi.

7. GB 64 husomeka 59, na hakuna aliyekuibia

Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ndiyo maana boksi linasema 64 na kompyuta inasema 59. Jambo la kuangalia hasa ni kwamba Windows 11 inadai angalau GB 64 za hifadhi na GB 4 za RAM, kwa hiyo mashine yenye kiwango hicho inaanza maisha ikiwa ukingoni. Mpakato za dola 200 zilizouzwa mwaka 2014 zilikuwa na GB 32, na baadaye masasisho ya Windows yakawa yanawaomba wenye mashine wachomeke flashi ili yapate nafasi. Hifadhi ya aina hiyo, eMMC, hulehemiwa kwenye bodi kuu, na mara nyingi RAM pia. Fundi hawezi kukuongezea kesho kile ulichobania leo.

Maneno elfu moja yakihifadhiwa kama maandishi matupu hayafiki KB 10. Ukurasa mmoja wa intaneti wenye video na matangazo unaweza kumeza mamia ya MB za RAM. Kwa hiyo mashine ya GB 4 itakuandikia vizuri, kisha itaganda ukifungua kurasa kumi za kufanyia utafiti. Ukipata ya GB 8, chukua hiyo.

8. Chromebook ina tarehe ya mwisho

Chromebook, yaani mpakato zinazotumia mfumo wa ChromeOS wa Google, ziliingia sokoni mara ya kwanza Juni 2011. Kila moja ina tarehe ya kukoma kupokea masasisho ya usalama, nayo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine itoke, wala si tangu siku uliyoinunua. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka 10 ya masasisho kwa zile zilizotoka kuanzia 2021. Tarehe hiyo inaonekana kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za ChromeOS. Kwa mnunuzi wa mtumba kuna mtego mwingine: Chromebook iliyosajiliwa chini ya shule au kampuni hurudi kudai akaunti ya shule au kampuni hiyo kila inapofutwa, mpaka iachiliwe nayo. Usikubali kuoneshwa mashine iliyokwisha kuwashwa. Ifutwe mbele yako, kisha ingia kwa akaunti yako.

9. Mashine ya mtumba hujisema yenyewe hali ya betri yake

Betri huandikwa kwa wati-saa. Yenye 38, kwenye mashine inayotumia wastani wa wati 6, itakupa saa sita na dakika kidogo ikiwa mpya. Kujua imechakaa kiasi gani, fungua dirisha la amri la Windows na uandike *powercfg /batteryreport*. Litaundwa faili lenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Ikiwa ya pili haifiki nusu ya ya kwanza, jumlisha bei ya betri mpya kwenye bei uliyotajiwa. Pia angalia tundu la chaji. Zinazochajiwa kwa USB-C zinaweza kupata nguvu kwenye pawabenki yenye wati za kutosha umeme unapokatika. Zenye pini ya duara hubaki na chaja yake maalumu.

10. Kitufe cha Shift kinaweza kukuharibia ukurasa

Kwa kawaida, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 19. Mashine ndogo hupunja milimita hizo, na upande wa kulia ndio huumia zaidi. Kwenye Eee PC 701, Shift ya kulia iliwekwa ng'ambo ya mshale wa juu. Kidole kikiitafuta ili kupata herufi kubwa, kiligonga mshale, kiashiria kikaruka mstari mzima, na neno likaangukia katikati ya sentensi iliyokwisha kuandikwa. Kiswahili kinaweza kuishi bila Q na X, lakini kinataka ritifaa kila penye ng', na ritifaa hukaa palepale panapobanwa. Basi ukiwa dukani, fungua programu ya kuandikia na uandike: Ng'ombe wameng'oa nguzo, king'ora kinang'ang'ania kulia. Irudie mara kadhaa bila kutazama vidole. Ukikosea kila mara mahali palepale, omba nyingine yenye kibodi pana zaidi, hata kama prosesa yake ni ya chini.