Mchezo wa vita mezani: Kwa nini mshirika si askari wa ziada?

Mchezaji wa dama katika mtaa wa Jabe, jijini Bujumbura, ana hakika ya jambo moja: kete zake zote zinamtii. Hakuna inayosita, wala inayohamia upande wa pili. Mchezo wa vita vya kihistoria, unaochezwa kwa sanamu ndogo za askari, haumpi mchezaji hakika hiyo pale jeshi lake linapokuwa na kikosi cha mshirika.

Mchezo huu ulipata umaarufu Uingereza mwaka 1913, mwandishi H. G. Wells alipochapisha kitabu cha kanuni zake kiitwacho Little Wars. Leo, kwa kawaida kila mchezaji hupewa idadi ya alama za kununulia wapanda farasi, wapiga mishale au wenye bunduki, kwa kufuata orodha zinazotokana na historia. Dadu huamua matokeo ya mapambano.

Mshirika ana jemadari wake

Orodha nyingi humruhusu mchezaji kuongeza kikosi cha mshirika, lakini kwa masharti. Kikosi hicho huwa na kiongozi wake, na jemadari mkuu hawezi kukiamrisha kama askari wake mwenyewe. Katika kanuni za De Bellis Multitudinis, zilizotungwa na Phil Barker na Richard Bodley Scott na kutolewa mwaka 1993, jemadari mshirika akipata moja katika dadu ya mwanzo, huhesabiwa kuwa si wa kutegemewa. Askari wake husimama wakitazama, hadi mwenendo wa vita uwashawishi.

Mchezaji mgeni huona sharti hilo kuwa uonevu. Historia ya Burundi inaonyesha sababu yake.

Washirika wa mwaka 1903

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwami Mwezi Gisabo alikuwa akipinga utawala wa Wajerumani, na wakati huohuo akikabiliwa na wapinzani wawili wa ndani: Maconco, aliyekuwa mkwewe, na Kilima, aliyedai asili ya kifalme. Kapteni Robert von Beringe, mkuu wa kituo cha Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, aliwatumia wote wawili katika vita dhidi ya mwami.

Mwezi Gisabo alishindwa. Kwa mapatano ya Kiganda ya Juni 1903, alikubali mamlaka ya Wajerumani, akatozwa ng'ombe 424, na akalazimika kuutambua uhuru wa Maconco na Kilima.

Hata hivyo, Beringe alikuwa amepigana kinyume cha maelekezo ya gavana wake, von Götzen, aliyetaka kutawala kupitia mwami. Sera ikageuzwa. Maconco aliuawa mwaka 1905, na mwaka uliofuata Kilima akapelekwa uhamishoni. Mwezi Gisabo alibaki kwenye kiti chake hadi alipofariki mwaka 1908.

Ushindi wa nani?

Mchezaji anayetaka kuipanga vita hiyo mezani hawezi basi kuwaweka watu wa Maconco na Kilima kama bunduki za ziada za Beringe. Kila mmoja alikuwa na vita vyake. Njia ya haki ni kumpa kila kiongozi mchezaji wake na lengo lake la ushindi: Mjerumani anataka mwami asalimu amri, Maconco na Kilima wanataka himaya zao, na mwami anatafuta namna ya kuwatenganisha.

Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 1916. Wabelgiji na Waingereza walikuwa upande mmoja dhidi ya Wajerumani, lakini walishindana kuifikia Tabora. Wabelgiji waliingia kwanza, Septemba 19, na baada ya vita ndio waliokabidhiwa Ruanda-Urundi.

Kwa anayetaka kujaribu, sanamu za kununua si lazima. Vizibo vya chupa, vilevile vinavyotumika kuchezea dama, vinatosha kuwakilisha vikosi: rangi moja kwa mwami, nyingine kwa Wajerumani, na kwa Maconco na Kilima kila mmoja rangi yake, kwa kuwa hawakuwa jeshi moja.