Dalili za hatari kabla ya kutoweka
Mnamo Septemba 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, Migori, mwenye mimba ya miezi saba, alitoweka. Mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, Homa Bay.

Mimba haimkingi mwanamke. Akipigwa akiwa mjamzito, akitishiwa kuuawa, au akikabwa koo na mume au mpenzi wake, maisha yake yamo hatarini. Aliyekabwa huenda asiwe na alama shingoni. Sikiliza kama sauti imekauka, muulize kama anaumia akimeza.

Usiseme ni mambo ya nyumba yao. Mpeleke hospitali, majeraha yaandikwe na fomu ya P3 ijazwe. Piga 1195, simu ya bure. Akitoweka, toa ripoti polisi siku hiyo hiyo, usingoje kesho.